Taifa-1 na Usiku wa Kungoja Upepo

Aprili ya mwaka 2023 Wakenya walipata kitu kipya cha kutaniana nacho. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilikuwa California, Marekani, imefungwa ndani ya kichwa cha roketi ikingoja kurushwa, na kila kulipokucha tukaambiwa si leo, pengine kesho. Kesho ikafika, tukaambiwa vivyo hivyo. Ndani ya matatu na kwenye vibanda vya chai watu wakasema kwamba mazoea yetu ya kuchelewa sasa tumeyapeleka hata mbinguni. Wengine wakauliza, nusu kwa mzaha na nusu kwa dhati, kama kuna mkubwa fulani aliyekula pesa za mafuta ya roketi.

Mzaha huo haukunikera. Lakini ndani yake mlikuwa na swali la haki, na swali lenyewe hurudi kila nchi yetu au ya jirani inapotangaza kwamba itarusha kitu angani: kwa nini vitu hivi huahirishwa? Na anayechelewesha ni nani hasa, sisi au wenye roketi? Juma hili nimeona tulikalie kitako swali hilo, maana jibu lake silo lile ambalo wengi walilidhania. Siku zile lawama zilielekezwa mahali pasipostahili, na mahali panapostahili pakapita salama salimini.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Taifa-1 ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kwa 10 kwa 30 hivi, yaani kama mkate mrefu wa dukani. Ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na kamera, kompyuta, betri na redio ya kuzungumza na walio ardhini. Iliundwa na wahandisi wa kampuni ya Kenya iitwayo SayariLabs wakishirikiana na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, kwa ajili ya Shirika la Anga za Juu la Kenya, na iligharimu shilingi milioni 50. Kazi iliyokusudiwa ni kupiga picha za mashamba, misitu, mito na maeneo ya mafuriko. Na tusisahau ilikuwa miaka gani ile. Nchi ilikuwa imepitia misimu mitano mfululizo ya mvua kushindwa, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na wafugaji wa kaskazini walikuwa wamezika mali yao yote ikiwa na mikia na pembe. Chombo cha kuitazama ardhi kutoka juu hakikuwa kitu cha kuchezea.

Tarehe iliyotangazwa ilikuwa 10 Aprili. Safari iliahirishwa mara tatu kwa sababu ya hali ya hewa, na hatimaye roketi iliondoka tarehe 15 Aprili, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu. Huko California ilikuwa bado tarehe 14, imesalia dakika 12 kutimia saa sita ya usiku. Tofauti hiyo ya saa nayo ilizidisha mkanganyiko, kwa kuwa mwingine alisoma tarehe ya Marekani, mwingine akasoma ya Nairobi, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake anadanganya. Ukihesabu vizuri, ucheleweshaji wote ambao nchi nzima iliucheka ulikuwa wa siku nne.

Sasa tazama ilivyosafiri. Roketi yenyewe iliitwa Falcon 9, mali ya kampuni ya SpaceX, na safari hiyo ilipewa jina la Transporter-7. Ilikuwa na mizigo 51 ya wenyewe mbalimbali. Taifa-1 ilikuwa mmoja tu. Mzigo mwingine ulikuwa İMECE, setilaiti ya Uturuki, nzito mara nyingi kuliko yetu, na Waturuki nao walikaa macho usiku ule ule wakingoja kama sisi. Ni mfano wa basi la abiria. Ukikodi basi zima, utalipanga kwa saa zako. Ukinunua kiti kimoja, utakaa kama walivyokaa wengine, na dereva hatakuuliza una haraka gani. Na kukodi Falcon 9 nzima si mchezo, kwani mwaka 2022 wenyewe walitangaza bei ya dola milioni 67. Pima pesa hizo na zile shilingi milioni 50 zetu, kisha uniambie kama tulikuwa na namna nyingine.

Hata hivyo, nisikudanganye, ndugu msikilizaji. Lau tungekuwa na dola hizo milioni 67 na roketi nzima ikawa yetu peke yetu, usiku zile tungengoja vile vile. Upepo haumjui mwenye basi.

Jambo lililowatatiza wengi ni kwamba picha kutoka California zilionyesha usiku mtulivu, bila radi wala mvua, na bado tukaambiwa hali ya hewa ni mbaya. Upepo unaozungumziwa hapa si huu unaopeperusha leso kwenye kamba. Ni upepo wa huko juu, kilomita kumi au kumi na mbili kutoka ardhini, unakopita kwa kasi kubwa katika matabaka, tabaka hili likielekea huku na la juu yake kule. Roketi ile ina urefu wa mita 70, sawa na jengo la ghorofa ishirini hivi, lakini unene wake haufiki hata mita nne. Ni fito. Na fito yenyewe ni tupu ndani kama debe, imejazwa mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni iliyopozwa hadi ikawa kioevu. Inapolipasua tabaka la kwanza la upepo ikiwa tayari imeipita kasi ya sauti, husukumwa ubavuni. Dakika haijaisha huingia tabaka la pili, ikasukumwa ubavu wa upande mwingine. Kompyuta hugeuza midomo ya injini ili kuiweka sawa, lakini kuna kiwango ambacho kikipitwa, fito huvunjika.

Kwa sababu hiyo, saa kadhaa kabla ya kuondoka, wataalamu huachilia maputo makubwa yenye vipimo ili kujua upepo wa kila tabaka unakwendaje. Hesabu huingizwa kwenye kompyuta. Zikizidi kiwango, hapana safari, hata kama rais amekaa kwenye kiti cha mbele akingoja kupiga makofi. Watu wa Lamu na Mombasa hawana haja ya kufundishwa hili. Jahazi lilikaa bandarini majuma na miezi likingoja upepo ugeuke, kaskazi au kusi, na hapakuwa na abiria aliyemwambia nahodha kuwa ni mvivu.

Kuna swali moja zuri ambalo watu huuliza: ikiwa upepo umetulia baada ya saa mbili, kwa nini wasirushe wakati huo huo badala ya kungoja siku nzima? Jibu liko katika kazi ya kamera. Setilaiti za kupiga picha za ardhi hupelekwa katika njia maalumu, ya kupita karibu na ncha za kaskazini na kusini za dunia, iliyopangwa kwa namna ambayo kila inapopita juu ya Kitale, tuseme, jua linakuwa mahali pale pale angani. Mwanga huo mmoja ndio unaokuwezesha kulinganisha picha ya shamba ya mwezi Machi na ya mwezi Juni bila kudanganywa na vivuli. Sasa, dunia inazunguka. Kituo cha kurushia hupita chini ya njia hiyo kwa muda mfupi tu, kisha kinasonga mbele. Ukikosa nafasi hiyo, hungoji saa mbili. Unangoja dunia izunguke ikurudishe pale pale. Isitoshe, ile oksijeni baridi hupakiwa katika roketi ikiwa imesalia nusu saa na dakika chache tu, na haikai sana kabla haijaanza kupata joto. Kuahirisha kwa dakika chache kunakuwa kuahirisha kwa siku.

Majirani zetu wameyaonja haya pia, na visa vyao vinachekesha kuliko chetu. Setilaiti ya Rwanda iitwayo RwaSat-1, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tokyo, ilipangiwa kuondoka Japani, kisiwa cha Tanegashima, tarehe 11 Septemba 2019. Ilikuwa ndani ya chombo cha mizigo kiitwacho Kounotori, jina la ndege wa jamii ya korongo, ambacho kilibeba zaidi ya tani tano za mahitaji ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Zikiwa zimesalia saa tatu na kitu, moto ukawaka kwenye jukwaa la roketi. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa umeme tuli, ule ule unaokushtua ukivua fulana wakati wa baridi, uliozuka palipodondokea oksijeni. Majuma mawili yakapotea. Chombo kikaondoka 24 Septemba kwa saa zetu, kikafika kituoni, na huko juu RwaSat-1 ikakaa tena kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni hadi 20 Novemba ndipo ikatupwa nje ianze kazi.

Cha Uganda ni kizuri zaidi. Setilaiti ya PearlAfricaSat-1 ilitengenezwa na vijana watatu wa Uganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, katika mradi mmoja na ZimSat-1 ya Zimbabwe. Zote mbili zilikuwa ziondoke tarehe 6 Novemba 2022 kutoka Wallops, jimbo la Virginia, Marekani. Roketi ilikuwa nzima, hewa ilikuwa nzuri. Basi kengele ya moto ikalia katika jengo la wasimamizi wa safari, mji wa Dulles, mbali na ilipokuwa roketi. Wasimamizi wakatoka nje kama sheria inavyotaka, na nafasi ya kuondoka ilikuwa ya dakika chache tu. Ikapita. Hivyo ndivyo mataifa mawili ya Afrika yalivyolala siku moja zaidi kwa sababu ya kengele ya ofisini. Kesho yake roketi ikaruka salama, lakini chombo kilipofika juu bawa lake moja la kunasia mwanga wa jua likakataa kufunguka. Kikajikongoja kwa bawa moja hadi kituoni. Setilaiti zote mbili zikatolewa nje tarehe 2 Desemba.

Upepo, moto, kengele. Katika visa hivyo vitatu hakuna hata kimoja ambacho Mkenya, Mnyarwanda au Mganda angeweza kukizuia, na hakuna hata kimoja kilichomharibia mtu chombo chake. Kuna nchi ambazo zingelipa fedha nyingi kupata kuchelewa kwa namna hiyo.

Belarus ni moja. Setilaiti yake ya kwanza, BelKA, ilipata kiti katika roketi ya Dnepr, ambayo asili yake ni kombora la nyuklia la enzi za Wasovieti lililogeuzwa kubeba mizigo ya amani. Rais Lukashenko mwenyewe alifunga safari hadi Baikonur, Kazakhstan, kwenda kutazama. Usiku wa 26 Julai 2006 roketi ikapaa, ikaenda kwa muda usiofika dakika mbili, injini ikazima, ikaanguka. Setilaiti 18 zikateketea kwa pamoja. Nyingi katika hizo zilikuwa vijisanduku vya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, Japani, Italia na Korea Kusini, kazi ya miaka mingi ya vijana. Belarus ilibidi ianze upya, na setilaiti nyingine ya kuitazama ardhi haikuipata angani hadi Julai 2012. Hiyo, ndugu msikilizaji, ni miaka sita. Siku nne za Taifa-1 ziweke hapo kando uzitazame.

Israeli nayo ilipoteza setilaiti yake ya mawasiliano, AMOS-6, tarehe 1 Septemba 2016 huko Florida. Roketi ilikuwa Falcon 9, ndugu wa ile iliyoibeba Taifa-1, na haikuwa imeruka bado. Ilikuwa kwenye jukwaa ikijazwa mafuta kwa ajili ya majaribio, siku mbili kabla ya safari, ikalipuka na kila kilichokuwa juu yake. Tangu hapo wenye roketi wakabadili namna ya kuijaza. Ndiyo maana leo kompyuta yao ikiona namba moja haijakaa sawa husimamisha hesabu, na hakuna anayebishana nayo.

Na wapo waliowahi kubishana. Januari 1986 chombo cha Challenger kilikuwa kimeahirishwa mara kadhaa, magazeti ya Marekani yakaanza kukidhihaki kama sisi tulivyoidhihaki Taifa-1. Usiku wa kuamkia tarehe 28 kulikuwa na baridi ya kugandisha maji, na wahandisi wa kampuni iliyotengeneza maroketi yake ya pembeni wakaonya kwamba pete za mpira zinazoziba maungio hazitafanya kazi katika baridi hiyo. Wakubwa hawakuwasikiliza. Chombo kiliruka kwa sekunde 73. Watu saba walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule. Sisemi kwamba kejeli za magazeti ndizo zilizowaua, lakini aibu ya kuahirisha tena ilikuwemo chumbani usiku ule pamoja na wale wakubwa. Mimi ni mtu wa habari, na kisa hiki hunifanya nipime maneno ninapotaka kumcheka mhandisi aliyesema "si leo".

Pamoja na hayo sipendi tujidanganye kwamba kungoja hakuna gharama. Setilaiti ndogo husafiri ikiwa imezimwa, imefungwa ndani ya kasha lenye springi, na swichi zake zimebanwa ili isije ikaamka njiani na kuvuruga mawasiliano ya roketi. Hufungwa humo majuma kadhaa kabla ya safari. Muda wote huo betri inapungua polepole, kama ya simu uliyoizima na kuisahau kabatini. Siku nne si kitu. Miezi ni jambo jingine. Marekani yenyewe iliyaona haya katika safari ya Artemis I kwenda mwezini. Setilaiti ndogo kumi zilipakiwa katika roketi mwaka 2021, nayo roketi haikuondoka hadi 16 Novemba 2022, na kadhaa kati ya hizo zilikuwa zimefungwa mahali ambapo haikuwezekana kuzichaji tena. Baadhi yake hazikufanya kazi iliyotarajiwa. Kwa hiyo anayetia sahihi mkataba wa kusafirisha setilaiti ya taifa anapaswa kuuliza: ikizidi miezi mitatu, je, mtaturuhusu kuja kuichaji? Na mkishindwa safari hii, kiti chetu kitahamia safari gani? Swali hilo lina maana kuliko kuuliza nani kala pesa ya mafuta.

Wapo pia waliosema tatizo ni kutegemea roketi ya watu, wakatukumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali ni nzuri, ila hapa haikai. Setilaiti ya kwanza ya Kanada, Alouette 1, ilirushwa kwa roketi ya Marekani mwezi Septemba 1962, tena kutoka Vandenberg, kituo kile kile cha California kilichoipeleka Taifa-1. Uingereza ilianza hivyo hivyo mwaka ule ule. Italia ikafuata mwaka 1964. Nchi zenye kutengeneza roketi za kufikisha setilaiti angani ni za kuhesabika kwa vidole. Dunia nzima iliyobaki hununua tiketi.

Lakini kuna kipande cha hadithi hii kinachotuhusu sisi kwa karibu zaidi, na nashangaa jinsi kilivyotajwa kwa uchache siku zile. Kwa zaidi ya miaka ishirini roketi za kigeni zilirushwa kutoka bahari yetu wenyewe. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa baharini, wakaleta roketi za Kimarekani aina ya Scout, na kati ya mwaka 1967 na 1988 wakapeleka angani setilaiti tisa. Moja ilikuwa ya Uingereza, Ariel 5, Oktoba 1974: setilaiti ya Waingereza, roketi ya Wamarekani, jukwaa la Waitalia, bahari ya Kenya. Mashuhuri kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, na mkuu wa mradi huo, mama Marjorie Townsend wa NASA, akaiita Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iligundua na kuorodhesha zaidi ya vyanzo 300 vya miale hiyo, na mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi mtu atauliza, na kwa haki: kama Ngomeni ipo, kwa nini Taifa-1 ikapelekwa California? Majukwaa yale hayajarusha setilaiti tangu Machi 1988, na hiyo ni sababu ya kutosha. Ila ipo nyingine. Sifa ya Malindi ni kuwa karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Roketi ikielekea mashariki hupewa msukumo wa bure. Lakini njia ya setilaiti za picha, kama nilivyoeleza, ni ya kaskazini na kusini. Ukirusha kuelekea kusini kutoka Malindi, vipande vya roketi vinavyodondoka vitawaangukia watu wa Pemba, Unguja na pwani nzima ya Tanzania. Vandenberg imetazama kusini, na mbele yake ni bahari tupu ya Pasifiki. Jiografia haina siasa.

Sasa nirudi kwenye lawama. Kutoka siku Uhuru iliporuka Ngomeni hadi siku Taifa-1 iliporuka California ni miaka 52 na miezi minne. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilianzishwa mwaka 2017. Setilaiti yetu ndogo ya kwanza kabisa, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 uliotengenezwa kwa msaada wa Japani, Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ilitolewa nje ya kituo cha kimataifa tarehe 11 Mei 2018. Hapo kati, kwa karibu nusu karne, wataalamu walikuja Malindi, wakafanya kazi yao, wakaondoka na elimu yao. Kituo cha Waitalia kule Malindi kimekuwa kwa miaka mingi kikipokea data kutoka kwenye setilaiti za wengine, mojawapo ikiwa Swift ya Marekani iliyorushwa mwaka 2004 kuchunguza milipuko ya mbali kabisa ya nyota. Habari za nyota zilizolipuka zilishuka Malindi kila siku. Habari za malisho yaliyokauka Turkana na Marsabit tuliomba kwa watu wa nje.

Huo ndio ucheleweshaji uliostahili kufanyiwa mzaha katika matatu. Hakuna upepo wa California uliousababisha.

Na haujaisha kwa sababu tu kisanduku kimoja kilifika juu. Setilaiti iliyo kwenye njia kama ya Taifa-1 huizunguka dunia mara kumi na tano hivi kwa siku, lakini mara nyingi inapita juu ya bahari za watu na majangwa ya watu. Inapopita mahali ambapo antena yako inaweza kuizungumzisha, una dakika kama kumi tu, kisha imezama upande wa pili. Katika dakika hizo lazima uiamuru cha kupiga picha na uteremshe ilizopiga. Halafu picha yenyewe si jibu. Ni namba na rangi. Anatakiwa mtu aliyesoma kuitafsiri, aseme kwamba mahindi ya Trans Nzoia yameanza kukosa maji, au kwamba Mto Tana umepanda. Halafu atakiwe mtu wa kulifikisha neno hilo kwa mkulima kabla hajapanda na kwa mwenye nyumba ya Garissa kabla maji hayajafika mlangoni. Kila hatua katika hizo ina watu, mishahara na bajeti, na hakuna hata moja inayoonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni huku watu wakihesabu kumi, tisa, nane.

Kwa hiyo safari ijayo tukiambiwa roketi imeahirishwa hadi kesho, mimi nitalala. Nitakapopiga simu asubuhi nitauliza mambo mengine: antena ya kuipokea iko wapi, imelipiwa kwa miaka mingapi, wangapi wameajiriwa kuzisoma picha, na idara ya kilimo ya kaunti ipi imekubali kuzipokea. Nimekwisha kuyaandika maswali hayo kwenye daftari, na mtakaonitangulia kumpata mkubwa mwenye majibu mniletee hapa redioni, tuyasome hewani.